Fundi, tupige bati juu ya vigae vya zamani au tubandue kwanza?

Shikamoo Fundi,

Mimi na mume wangu tunaishi kaskazini mwa Texas, si mbali na Dallas, pamoja na watoto wetu watatu na mama yangu mzazi aliyekuja kututembelea kutoka Moshi. Nyumba yetu ni ya chini, haina ghorofa, na imeezekwa vigae vya lami, vile vyembamba vyenye changarawe juu ambavyo vimejaa mtaa mzima huku. Aliyetuuzia alisema paa liliwekwa mwaka 2007.

Mwezi Mei ilipiga mvua ya mawe. Kulipokucha tukakuta changarawe za vigae zimejaa kwenye gata na chini ya mdomo wa bomba lake, na mlango wa gereji umebonyea kama umepigwa nyundo. Mkaguzi wa bima akaja, akapanda, akachorachora kwa chaki, akasema watalipia paa. Nikamshukuru Mungu, nikadhani yameisha. Kumbe ugomvi ndiyo kwanza unaanza.

Mume wangu hataki tena kusikia habari za vigae. Anataka bati. Anasema sote tumekulia chini ya bati na hatukufa. Hilo sina neno nalo, hata mimi bati nalipenda. Tatizo ni kwamba anataka lipigwe juu ya vigae hivihivi bila kubandua. Wazo kalipata kwa kijana aliyekuja kubisha hodi siku ya pili baada ya mvua, gari lake lina namba za jimbo jingine. Kijana kasema sheria inaruhusu, kazi itaisha upesi, uchafu hakuna, na vigae vitakavyobaki chini vitazuia joto na kelele. Tena kasema zile pesa za mwanzo tunazotakiwa kutoa sisi kabla bima haijalipa atazibeba yeye, tusitoe hata senti.

Fundi, moyo wangu unakataa. Dari la bafuni lina doa la kahawia tangu mwaka jana. Mume wangu alipopanda juu alisema karibu na bomba la hewa la bafu anahisi mguu unazama kidogo, lakini akasema bati likishawekwa maji hayatafika pale tena. Halafu kuna varanda ya nyuma ambayo wenye nyumba wa zamani waliiziba ikawa chumba. Paa lake limelala sana, karibu liwe tambarare. Kijana anasema nalo atalipiga bati lilelile.

Mama naye kaongeza lake. Anasema mkiweka bati, mvua ikinyesha hatutasikilizana humu ndani.

Je, ni kweli bati linaweza kupigwa juu ya vigae? Na kama linaweza, tulipige?

Mama Watatu, Texas

---

Marahaba, Mama Watatu. Na shikamoo yangu mfikishie mama.

Swali lako la kwanza ndilo jepesi: ndiyo, linaweza. Kijana hajakudanganya hapo. Kanuni ya ujenzi wa nyumba za makazi ambayo miji mingi ya Marekani huifuata, ile inayojulikana kwa herufi IRC, inaruhusu paa jipya juu ya la zamani endapo la zamani ni tabaka moja tu la vigae vya lami na hali yake bado ni nzuri. Kukiwa na matabaka mawili tayari, unabandua. Paa la zamani likiwa limelowa au limeoza kiasi kwamba halifai kushikilia jipya, unabandua. Mji wako unaweza kuwa mkali kuliko hapo, kwa hiyo kabla ya kusaini chochote piga simu ofisi ya majengo ya mji uulize mambo mawili: je, kibali kinahitajika, na je, wanaruhusu bati juu ya vigae.

Swali la pili jibu langu ni hapana. Kwa nyumba uliyoniandikia, bandueni.

Mguu kuzama ndiyo sababu inayonitosha. Chini ya vigae vyenu kuna plaiwudi, au zile mbao za vipande vya miti vilivyobanwa kwa gundi, na chini yake ndipo penye kenchi. Plaiwudi nzima haizami. Ikizama imelowa, na imelowa kwa muda mrefu. Mumeo anasema bati litazuia maji yasifike pale tena, na labda ni kweli, lakini skrubu za bati zitashika nini? Skrubu iliyoingia kwenye mbao iliyooza utaona imekaza leo, na siku upepo wa masika ya huko utakapovuma inatoka kama imewekwa kwenye uji. Tena kuoza hakuishii pale mguu ulipogusa. Huwezi kujua kumefika wapi mpaka vigae vitoke.

Isitoshe, sina hakika kwamba maji yale yanatoka juu. Mwambie mumeo aingie darini asubuhi na tochi na bisibisi. Atazame upande wa chini wa plaiwudi kuzunguka bomba la bafu. Akiona alama nyeusi ya maji imeanzia kwenye bomba lenyewe na kushuka nalo, tatizo ni ule mpira unaolikumbatia bomba pale linapotoka juu ya paa. Mpira huo hupasuka kwa jua la Texas mapema kuliko vigae vyenyewe. Lakini akiona ncha za misumari zimeota kutu eneo kubwa, na plaiwudi imekuwa nyeusi hata mbali na bomba, basi atafute feni ya bafuni inatoa wapi hewa yake. Nyumba nyingi nilizoingia dari zake, bomba la feni limeachwa mdomo wazi humohumo darini badala ya kutolewa nje. Mnaoga, mvuke unapanda, unakutana na plaiwudi ya baridi usiku wa Januari, unageuka maji. Hapo hata ungeezeka kwa dhahabu, doa litarudi. Achomechome na bisibisi. Ikiingia bila kulazimishwa, pale pameoza.

Akiwa kwenye ngazi nje, ahesabu na matabaka. Asihesabie ukingo wa chini ambako maji hudondokea, kwa sababu pale safu ya kwanza huwekwa mara mbili na atadhani paa lina matabaka mawili. Kwenye ukingo wa pembeni unaopanda kuelekea kilele mambo huonekana vizuri zaidi, ingawa na penyewe mafundi wengine huweka ukanda wa kuanzia.

Sasa habari ya uzito, maana najua mumeo ataileta. Hapo yuko sahihi. Huku paa hupimwa kwa skwea, yaani futi za mraba 100, karibu mita za mraba 9. Skwea moja ya vigae vya lami huwa na kilo 100 na zaidi, ile ya bati la chuma haifiki hata nusu ya hapo mara nyingi. Kenchi zilizobeba tabaka moja la vigae hazitavunjika kwa kuongezewa bati. Kwa hiyo mkibishana, usishike hoja ya uzito, utashindwa.

Shika hoja ya bati lenyewe. Chuma kikipata joto kinarefuka, kikipoa kinarudi. Bati la mita 6 likitoka kwenye baridi ya usiku wa Januari na kufika kwenye jua la Agosti hutofautiana urefu karibu milimita 6. Ni kidogo, lakini kila siku linarefuka na kurudi kwa kiasi fulani, mwaka hadi mwaka. Likiwa limelazwa moja kwa moja juu ya vigae, linakuwa linasugua tumbo lake kwenye changarawe. Rangi na madini ya kuzuia kutu upande wa chini vinalika, na wewe uliye chini huoni kitu mpaka kutu itokeze juu. Na kwa bati lile pana bapa, ngazi za vigae hujichora juu: jioni jua likipiga kwa ubavu unaona mawimbi paa zima.

Mafundi wanaojiheshimu wanaopiga juu ya vigae hawafanyi hivyo. Ama wanatandaza kwanza karatasi maalumu ya paa, ile ya plastiki nzito, ama wanapiga papi, zile mbao nyembamba za kupigilia bati, juu ya vigae, skrubu zikifika mpaka kwenye kenchi, kisha bati linakaa juu ya papi. Njia ya papi naikubali, tena ina faida yake, kwa sababu hewa inapita katikati. Ila ina gharama zake ambazo yule kijana hakuzitaja. Paa linapanda juu, kwa hiyo vile vipande vya bati vya kuzibia pale paa linapokutana na ukuta, bomba la moshi na fisha bodi vyote vitengenezwe upya. Uwazi wa chini ya bati usipozibwa kwa sponji zake, mwaka huohuo nyigu wamehamia. Na ukishanunua papi, sponji na vipande hivyo, akiba ya kutobandua imebaki ndogo.

Kuna jambo la papi ambalo fundi aliyejifunzia kazi nyumbani anaweza kulikosea kwa nia njema. Sisi mbao iliyotiwa dawa ndiyo mbao bora, mchwa haigusi. Huku dawa inayotumika sana ina shaba ndani yake, na shaba ikikutana na unyevu inalila bati, hasa lile lililopakwa mchanganyiko wa zinki na alumini. Papi za chini ya bati ziwe mbao kavu za kawaida.

Nasema hivi si kwa sababu nachukia kazi ya juu ya vigae. Nyumba yenye tabaka moja, plaiwudi nzima, paa lenye mteremko mzuri, mwenye nyumba analipa mwenyewe na hana pesa ya kukodi kontena la taka: apige papi, aweke bati, alale. Ila hiyo si nyumba yako, na pesa inayolipia si yako peke yako.

Tuje kwenye pesa, maana hapa ndipo yule kijana alinikera. Chukua ile karatasi ya makadirio mliyopewa na bima uisome mstari kwa mstari. Kwa kawaida kuna mstari wa kubandua vigae vya zamani na kuvitupa, umewekewa bei yake. Kama upo, maana yake kubandua kumeshalipiwa! Akibandika juu, pesa ya mstari ule inakwenda wapi? Na kama bima yenu ni ile inayolipa thamani ya kitu kipya, sehemu ya malipo huzuiliwa mpaka kazi ikamilike na mwoneshe mmetumia kiasi gani. Hamuwezi kuonesha gharama ya kubandua ambako hakukufanyika. Bima italipa thamani ya paa kama lile mlilokuwa nalo, yaani la vigae. Tofauti ya kupanda kwenda kwenye bati ni mzigo wenu, na hiyo ndiyo hesabu mnayotakiwa kuikalia chini na mumeo.

Ile ahadi ya kuzibeba pesa zenu za mwanzo mwambie aende nayo. Tangu tarehe 1 Septemba 2019 sheria ya Texas inakataza mkandarasi kumwondolea mwenye nyumba kiasi hicho au kumlipia, na kampuni ya bima inaruhusiwa kudai ushahidi kwamba mmelipa. Najua inauma. Kwa mvua ya mawe kiasi hicho mara nyingi ni asilimia 1 au 2 ya thamani ya nyumba iliyokatiwa bima. Nyumba ya dola 300,000 kwa asilimia 2 ni dola 6,000. Lakini fundi anayesamehe dola 6,000 lazima azipate mahali, na mahali penyewe ni kwenye paa lako. Mjue pia kwamba jimbo la Texas halina leseni ya lazima kwa mafundi wa paa. Mtu yeyote mwenye ngazi na gari anaweza kujiita fundi. Hivyo dai cheti cha bima yake ya kazi na piga simu kwa aliyekikata kuthibitisha, dai anwani ya ofisi ambayo itakuwepo mwakani, na majina ya watu wa mjini kwenu aliowaezekea miaka mitano iliyopita ukaone paa hizo kwa macho. Akikwambia atazungumza na bima kwa niaba yenu juu ya kiasi cha malipo, hilo nalo sheria ya Texas haimruhusu kwa kazi anayoifanya mwenyewe.

Mvua ya mawe itarudi, hiyo ndiyo Texas. Tafuteni bati lenye daraja la 4 la kipimo cha UL 2218. Hapo hudondosha mpira wa chuma wenye kipenyo cha inchi 2 kutoka futi 20, mara mbili mahali palepale, na kitu hakitakiwi kupasuka. Bati la namna hiyo linaweza kuwapunguzia ada ya bima, na fomu ya kuombea punguzo huko Texas ni PC068, fundi anaijaza akimaliza kazi. Sasa sikiliza vizuri: kutopasuka si kutobonyea. Bati linabonyea. Kampuni nyingi za bima zikikupa punguzo hukuwekea sharti kwamba mibonyeo isiyovujisha hawatailipia. Msome sharti hilo kabla, si siku mnalalamika. Na mkiwa bado mnafikiria kupiga juu ya vigae, mwulizeni mtengenezaji wa bati kwa maandishi kama daraja la 4 na dhamana yake vinabaki vilevile likiwekwa hivyo. Jibu lake linaweza kuumaliza ubishi wa nyumbani bila mimi.

Geji msiipime kwa macho ya nyumbani. Namba ikipanda bati linakuwa jembamba, hilo ni lilelile, ila vipimo vya huku na vya kwetu havilingani sawasawa, kwa hiyo dai unene kwa milimita. Kwa nyumba ya kuishi mimi sipigi bati jembamba kuliko geji 26 ya Marekani. Mkiweza, chukueni lile la mishono iliyosimama, ambalo skrubu zake zimefichwa na bati linateleza kwenye vishikizo likirefuka. Lile la skrubu za nje ni rahisi, lakini kila skrubu ina kimpira, na kimpira kinakauka. Baada ya miaka kadhaa mtu apande akazikaze na kubadilisha zilizochoka. Rangi iwe ya mwanga. Chama cha wenye nyumba wa mtaa, kama mnacho, kipeni sampuli na mpate kibali chao kwa maandishi kwanza.

Mwambie mama asiogope kelele. Nyumbani bati limekaa juu ya papi, chini yake hewa, pengine hata dari hakuna, ndiyo maana mvua ikinyesha mnapigiana kelele. Huku chini ya bati kuna karatasi, plaiwudi, dari lenye sufi nene ya kuzuia joto, halafu jipsamu. Mvua ya kawaida ataisikia kwa mbali tu. Ya mawe ataisikia, lakini hiyo hata kwenye vigae aliisikia. Vigae vya chini haviongezi cha maana juu ya hayo, wala kwenye joto.

Kwenye mkataba, hakikisha kuna bei ya kila plaiwudi moja itakayobadilishwa, iandikwe kabla vigae havijatoka. Paa likiwa wazi na mawingu yanakuja hamtakuwa na nguvu ya kupatana. Na iandikwe kwamba mtapigiwa picha za plaiwudi kabla haijafunikwa.

Imebaki ile varanda iliyozibwa, na hapo kwa kweli sina raha napo. Bati la kupishanisha na skrubu za nje bila gundi ya kuziba maungio linataka mteremko wa inchi 3 kwa kila inchi 12, si chini ya hapo. Paa likilala zaidi, maji yanarudi nyuma chini ya maungio, na bati lilelile la kijana litavuja likiwa jipya. La mishono iliyosimama linakubali mteremko mdogo sana, lakini si kila aina, na pengine pale bati halifai kabisa, pawekwe utando wa paa bapa. Mumeo aweke rula ya futi moja kwenye paa lile, aisawazishe kwa pima maji, apime ncha yake iko juu ya paa kwa inchi ngapi. Nitumieni namba hiyo pamoja na picha ya pale varanda inapoungana na ukuta wa nyumba.